Nusu Uzi

Mlango ulifika karakana ukiwa umefungwa juu ya mkokoteni, na mkunga mstaafu akitembea kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Ulikuwa mlango wa wodi ya wazazi, wa mbao ngumu nyekundu ambayo siku hizi haipatikani tena, na wodi yenyewe ilikuwa imebomolewa kupisha jengo jipya. Juu ya mlango ule palikuwa na kioo cha rangi chenye pande nane. Hicho mkunga alikibeba mwenyewe mikononi, amekizungushia blanketi, na hakutaka mwenye mkokoteni hata akisogelee.

"Nimefanya kazi chini ya kioo hiki mpaka nikazeeka," alimwambia Bi Nukta. "Sasa nataka kikae kwenye ukuta wa sebule yangu, na fremu yake itoke kwenye mlango huu huu. Usinichanganyie na mbao nyingine."

Bi Nukta aliugonga mlango kwa kifundo cha kidole, huku na huku, akisikiliza. "Huku chini umeliwa na mchwa," alisema. "Juu ni mzima. Zitatoka pande nane, na haitabaki hata ya kuchongea mwiko."

"Nane ndizo ninazotaka."

"Basi ukae ukijua hakuna ya tisa."

Bi Nukta alikuwa seremala. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake zamani, kwa sababu hakuwa akichora mistari kwenye mbao kama wao. Alichonga penseli mpaka ikawa kama sindano, akatia nukta mbili, na msumeno ukapita hapo hapo. Kwa nukta hizo alimlea binti yake wa pekee, ambaye alipokua alichagua nguo badala ya mbao, akaweka cherehani katika chumba kilichopakana na karakana. Binti huyo ndiye aliyeolewa na Ngongoti, seremala mwingine, kijana mrefu kiasi kwamba watu walimwona kama ametembea juu ya miti ya wacheza ngongoti tangu kuzaliwa. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa, mama mkwe alimsogezea nusu ya benchi lake. Akamwambia, "Bati langu liko chini, baba. Utainama kidogo."

Akainama. Aliinama kwa mwili na kwa maneno pia. Tangu aingie mle hakuwahi kumpinga mama mkwe hata katika jambo dogo kama aina ya gundi. Mkwe ni mkwe, alijiambia. Na mkwe anayekupa mahali pa kufanyia kazi ni zaidi ya hapo.

Kisha presha ikampanda Bi Nukta. Alianguka kando ya benchi akiwa na patasi mkononi, akalazwa, na aliporudi nyumbani mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo upande mmoja, na mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka akichoka. Toka hapo nyumba nzima ilimshika kama yai. Binti alimkatia nyama. Ngongoti alimpokonya kila kitu kizito kabla hajakigusa. Akinyanyua kikombe, macho manne yalikitazama hicho kikombe.

"Tazameni vikombe vyenu," alikuwa akiwaambia. "Hiki kina mwenyewe."

Kazi ya mkunga ilikuwa ya kwanza kubwa tangu atoke hospitali, na alisema wazi kwamba ataikata yeye.

Alianza na mashine. Mashine ya kona ni msumeno wa diski uliokaa juu ya meza ndogo ya chuma inayozunguka. Meza ina alama za nyuzi za pembe, na nyuma yake kuna ukingo ambao mbao huegemezwa isicheze. Fremu ya pande nane hutaka kila ncha ikatwe kwa nyuzi ishirini na mbili na nusu. Pande nane ni ncha kumi na sita. Ukikosea nusu uzi kwenye ncha moja, hakuna jicho litakaloona. Ukikosea nusu uzi kila mara, kosa linapokezana kutoka kiungo hiki hadi kile, na ukifika kiungo cha mwisho unakikuta kimeachama.

Kwa hiyo Bi Nukta hakuwa na haraka. Alizungusha meza mpaka kwenye alama, akaikaza, akakata vipande viwili vya mabaki, akaviunganisha na kuviinua kuelekea dirishani. Ngongoti, aliyekuwa akipiga randa upande wa pili wa benchi, aliona mwanga mwembamba kama unywele ukipenya kwenye kiungo. Bi Nukta naye aliuona. Alikunja uso, akavigeuza vipande, akavilaza juu ya benchi na kuvibonyeza kwa kidole.

"Mbao hii imepinda," alisema, akavitupa pipani.

Alikata vingine viwili kutoka kwenye mbao tofauti, akavitazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini hivyo vya pili Ngongoti hakuviona, kwa maana mgongo wa mama mkwe ulikuwa umemkinga. Alichoona ni ule mkono uliokuwa ukitupa vipande pipani. Ulikuwa unatetemeka.

"Ukishaifunga mashine, usiiguse tena," alisema Bi Nukta, kama anayejikumbusha. "Unageuza mbao. Mashine unaiacha."

Akakata upande wa kwanza. Aliulaza, akaubana, akavuta pumzi, akateremsha diski taratibu, akangoja isimame kabisa ndipo akaiinua. Akaupindua ubao kifudifudi, akakata ncha ya pili. Upande wa pili ukawa vile vile, na wa tatu. Karakana ilijaa harufu ya mbao ile, kali kidogo, kama dawa ya zamani.

Hapo binti yake akatokea mlangoni, amebeba glasi ya maji na kidonge kwenye kiganja.

"Mama, saa ya dawa."

"Nitakuja nikimaliza."

"Jana ulisema hivyo hivyo, ukaja jua limezama."

Bi Nukta alimtazama mkwewe kama anayeomba msaada, lakini Ngongoti alijishughulisha na randa yake. "Haya," akasema, akifungua aproni. "Nimezaa mlinzi. Nikilala usingizi, mniamshe. Na hizi tatu msizisogeze."

Akaenda.

Ngongoti alibaki peke yake na mashine. Alijaribu kuendelea na randa, lakini ule mwanga mwembamba haukumtoka machoni. Mwishowe aliiweka randa chini, akatoa mfukoni skwea yake, kile kipimo cha pembe mraba, akaisogelea mashine kama anayemsogelea mtu aliyelala. Alilegeza meza, akairudisha kwenye alama ya sifuri, mahali ambapo diski na ukingo lazima vikutane kwa pembe mraba kabisa. Akaegemeza skwea kwenye ukingo, akaisukuma mpaka ikagusa diski, akachutama na kufumba jicho moja.

Mwanga ulipita. Ulikuwa mdogo, lakini ulipita.

Kumbe si mbao iliyopinda, aliwaza. Ni mashine, na mama hakuona.

Angemwambiaje? Alijaribu maneno kichwani. Mama, mashine yako haijakaa sawa. Mama, umekata tatu na zote zina kosa. Kila sentensi aliyoiunda iliishia mahali pamoja: mama, macho yako. Aliufikiria uso wa Bi Nukta siku ile alipomwagikiwa na chai mbele ya wageni, jinsi alivyotazama sakafu. Hakutaka kuwa mtu wa kuurudisha uso ule.

Akachukua spana. Alilegeza nati za ukingo nyuma ya mashine, akausogeza kidogo sana mpaka ukalingana na skwea yake na mwanga ukafa. Akakaza nati, akairudisha meza kwenye ishirini na mbili na nusu, akaifunga. Alipangusa unga wa mbao ulioonyesha alama za vidole vyake. Zile tatu zilizokwisha kukatwa zitakuwa na kosa dogo, alijiambia, lakini tano zilizobaki zitakuwa sahihi, na lile dogo litazibwa na gundi. Mama hatajua. Aliona anamsitiri, na kwa muda alijisikia vizuri.

Bi Nukta aliporudi, hakuichunguza mashine. Kwa nini aichunguze? Alikuwa ameifunga mwenyewe. Alikata upande wa nne, akapitisha kidole kwenye ncha, akasimama kidogo. Alipitisha kidole tena.

"Uko salama, baba?" aliuliza ghafla bila kugeuka. "Nakusikia unavyohema."

"Joto tu, mama."

"Kanywe maji."

Hakwenda. Alisimama pale pale mpaka upande wa nane ulipodondokea kwenye benchi.

Walizipanga zote nane juu ya benchi, bila gundi, kujaribu kwanza. Bi Nukta alizungusha mkanda wa kubania, akaanza kuukaza kidogo kidogo, akigonga kona moja moja kwa nyundo ya mpira. Viungo viliingiana kimoja baada ya kingine na kufunga, mpaka vikawa saba. Kisha mkanda ukagoma. Kiungo cha nane kilikuwa wazi, kimepanuka kwa nje, pana kiasi cha kuingiza ncha ya kidole.

Bi Nukta alilegeza mkanda, akapanga upya, akakaza. Safari hii saba vilifunga na pengo likahamia kona nyingine. Alilitazama. Akaingiza ncha ya kidole chake cha shahada humo ndani na kukiacha hapo, kama mtu anayepima joto la maji.

Kama Ngongoti angekuwa amerekebisha kweli, pengo lingekuwa dogo. Hili lilikuwa kubwa kuliko kosa lolote aliloliona kwenye skwea. Maana yake ilimjia polepole, na hakutaka ifike.

"Mama," alisema, "tunaweza kukata upya. Tunapunguza kidogo kila ncha. Mtaro wa kukalia kioo bado hatujauchimba, tutauchimba mpana zaidi, kioo kitashika."

"Najua."

"Nafasi ipo. Ya mara moja, lakini ipo."

"Najua, baba. Kwa mkono upi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Ngongoti. Bi Nukta aliufungua mkanda, akazilaza pande zote nane pamoja kama kuni, akavua aproni. Aliikunja mara mbili, akaikunja tena, akaiweka juu ya benchi, upande wa Ngongoti.

"Nilijisikia leo niko sawa," alisema. "Kila nilipoteremsha diski nilijisikia kama zamani. Sasa kama mkono unaweza kunidanganya kiasi hiki na mimi nisijue, basi. Ukijua umekosea, unajirekebisha. Usipojua, ni heri ukae nyumbani."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Benchi lote ni lako. Mkunga akija nitamwambia mwenyewe, wewe usijitie."

Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya mapaja, mmoja ukiushikilia mwingine.

Ngongoti alitoka nje. Hakujua anakwenda wapi mpaka alipojikuta katika chumba cha cherehani. Mkewe aliinua mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza.

"Mbona huko kumekuwa kimya?" aliuliza.

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma: mwanga, skwea, spana, pengo, aproni iliyokunjwa. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika kitambaa juu ya sindano.

"Kwa hiyo mama anaamini ni mkono wake."

"Ndiyo."

"Na wewe umesimama hapa."

"Nilitaka kumsitiri."

"Umwambie."

"Atanionaje?"

"Atakuona ulivyo," alisema mkewe. "Tangu arudi hospitali, mtu huyu anashindwa hata kukohoa bila sisi kumkimbilia. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki chake. Nenda, baba. Nenda kabla hajakizoea hicho alichokisema."

Sauti ya mkunga ilisikika upande wa pili wa ukuta. Alikuwa amekuja kuuliza habari, maana mwashi alikwisha toboa ukuta wa sebule, tundu limefunikwa turubai, na mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Ngongoti aliruka kizingiti, akasahau bati, akajigonga paji la uso, akaingia karakana akiona nyota.

Bi Nukta alikuwa amesimama mbele ya mkunga. "Dada yangu," alikuwa akisema, "mbao yako nimeiharibu. Nilijiamini kuliko..."

"Si wewe, mama."

Wanawake wote wawili walimgeukia. Ngongoti alikuwa ameshika paji la uso, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia.

"Ni mimi. Ulipokwenda kunywa dawa nilifungua mashine. Nilisogeza ukingo. Niliona mwanga kwenye skwea, nikadhani mashine ina kosa na wewe hukuona. Zile tatu za mwanzo ni zako. Tano zilizofuata ulikata kwenye mpangilio wangu."

Mkunga alitafuta mahali pa kuegemeza mwavuli wake, akauegemeza kwenye ukuta taratibu mno, kana kwamba ungeweza kulia.

Bi Nukta alikwenda kwenye benchi. Alichukua upande mmoja kati ya zile tatu na mmoja kati ya zile tano, akazilaza ncha juu ya ncha na kuziinua kwenye mwanga. Hazikulingana. Aliziweka chini. Alipoongea, alikuwa akiiangalia mbao.

"Lete hiyo skwea yako."

Ngongoti alimpa. Bi Nukta alitafuta ubao mpana wenye ukingo ulionyooka, akaegemeza skwea, akachora mstari mmoja kwa ile penseli yake ya sindano. Kisha akaigeuza skwea upande wa pili, akaiegemeza kwenye ukingo ule ule, akaanzia kwenye nukta ile ile, akachora mstari wa pili. Skwea ikiwa nzima, mistari hiyo miwili huwa mstari mmoja. Hii ilianza pamoja, na kadiri ilivyopanda ikaachana, kama miguu ya mtu anayepiga hatua.

"Imedondoka lini?" aliuliza.

Ngongoti alikumbuka. Ilimponyoka juu ya sakafu ya saruji siku alipokuwa akipandisha rafu kwa fundi viatu. Aliiokota, akaipangusa kwenye suruali, akairudisha mfukoni. "Si muda mrefu," alijibu kwa sauti ndogo.

"Na ile mbao niliyoitupa ilikuwa imepinda kweli. Iko pipani, kaitazame."

"Nakuamini, mama."

"Sasa unaniamini." Aliweka penseli chini. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Ungeniambia, ningekasirika. Ningekwambia leta skwea yako, tungechora mistari miwili, tungemaliza. Badala yake umeniacha nimekaa kwenye kile kigoda." Alikielekezea kidole, na kidole kilitetemeka, na hakukificha. "Unajua nilikuwa nawaza nini pale? Nilikuwa nawaza vitu vyote nilivyowahi kukata tangu nitoke hospitali, nani nimemuuzia meza itakayomvunjikia. Ulinisitiri nini, baba? Ulinivua."

Ngongoti alipiga magoti. Hakukusudia; labda alikuwa amechoka kuinama nusu. "Nisamehe, mama."

"Sijui kama nimekusamehe. Inuka, utachafua suruali." Alivuta pumzi, akachukua aproni kutoka upande wa Ngongoti wa benchi, akaikunjua. "Kwanza turudishe mashine."

"Niondoke au nikae?" aliuliza mkunga.

"Kazi inaweza kuchukua muda, dada."

"Mimi na kungoja ni mtu na ndugu yake," alisema mkunga, akivuta kigoda. "Nimengoja vichwa vigumu kuliko hicho."

Ngongoti hakujua kama alimaanisha fremu au yeye.

Bi Nukta hakutaka skwea yoyote iguse mashine tena. Aliirudisha meza kwenye sifuri, akakata ubao mpana katikati, akakipindua kipande kimoja kifudifudi na kuvisukuma vyote viwili kwenye ukingo ulionyooka. Katikati yake pakaonekana ufa uliokonda kuelekea juu. Ufa huo ulionyesha kosa mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata jicho chovu lingeliona. Alilegeza nati, akagonga ukingo kidogo kwa ncha ya mpini, akakata tena. Ufa ukapungua. Akagonga, akakata. Safari ya nne vipande vililala pamoja kama havijawahi kuachana.

"Tazama," alimwambia Ngongoti.

Alitazama. "Imekaa, mama."

"Hujatazama, umeniitikia. Tazama."

Alivichukua, akavipeleka dirishani, akafumba jicho moja, akavigeuza. Alikaa navyo kwa muda. "Imekaa," alisema tena, na safari hii Bi Nukta alipokea.

Kisha wakazungusha meza kwenye ishirini na mbili na nusu, na Bi Nukta akakata pande nane ndogo za mabaki, fremu ya kuchezea inayotosha kiganjani. Akaifunga kwa mpira wa kubania noti. Kona saba zilifunga. Ya nane ilipenyeza mwanga hafifu.

"Unaona?" aliuliza.

Ilikuwa rahisi kwa Ngongoti kusema inatosha. "Naona. Inaachia kwa nje. Kidogo sana."

"Vizuri. Na mimi naona."

Alisogeza meza kwa upana wa unywele, wakakata nane nyingine. Fremu hiyo ndogo ikafunga kona zote.

Zilibaki zile nane za kweli. Waliweka kizuizi cha mbao kando ya mashine ili kila upande utoke na urefu ule ule. Kazi ilikuwa kunyoa tu, kuondoa kipande chembamba kama ganda la kitunguu, na kunyoa ndiko kugumu kuliko kukata, kwa sababu diski isiposhika mbao pande zote mbili hutaka kukimbia. Wangekosea hapa, mtaro wa kioo ungekula mbao yote na kioo kisingekuwa na pa kukalia. Nje upepo ulikuwa umeanza kusukumasukuma mabati. Binti alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemwona alivyoingia.

Bi Nukta alikata upande wa kwanza. Akaupindua, akakata. Wa pili. Wa tatu. Kila mara alingoja diski isimame. Kijasho chembamba kilimtoka juu ya mdomo. Wa nne, wa tano. Alipolaza wa sita na kushika mpini, mkono ulianza kutetemeka, si kidogo kama asubuhi, bali kwa namna ambayo mpini wenyewe ulitoa sauti ndogo ya chuma.

Kila mtu mle ndani aliisikia. Binti alipiga hatua moja, kisha akajizuia. Ngongoti alikaza ngumi zake ndani ya mifuko ya aproni na kuziacha humo.

Bi Nukta aliuachia mpini. Alikaa akiutazama mkono wake mpaka ukatulia, akaushika tena mpini, ukaanza tena.

"Mkono umechoka," alisema. Aliyasema maneno hayo kama anayesema mvua inakuja. "Njoo ukate wewe. Mimi nitabana mbao."

Ngongoti alikuja. Akainamisha urefu wake wote, akashika mpini, na mama mkwe akaibana mbao kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na ugonjwa wowote.

"Usiisukume," alimwambia. "Iache ishuke na uzito wake."

"Naogopa, mama."

"Ndiyo maana utakwenda polepole. Shusha."

Akashusha. Ganda jembamba lilijikunja na kudondoka. Wakakata ncha sita, yeye akishusha na Bi Nukta akibana, na mara moja Ngongoti alisema, "Ngoja, mama, kuna unga umekaa kwenye kizuizi, utaisukuma mbao," na Bi Nukta akasimama, akainama, akaupuliza.

Mkanda ulipozungushwa na kukazwa, kona ya nane ilikuja taratibu, ikasita, Bi Nukta akaigonga mara moja kwa nyundo ya mpira. Ikafunga. Alipitisha ukucha juu ya kiungo, na ukucha haukunasa popote. Akamwita mkunga naye apitishe wake.

"Sisikii kitu," alisema mkunga.

"Ndicho unachotakiwa kusikia."

Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu, na binti naye akacheka. Ngongoti hakucheka, alijiegemeza kwenye benchi na kugundua kwamba shati lote lilikuwa limelowa.

Mtaro waliuchimba mpana kuliko walivyopanga, na kioo kilipolazwa ndani kilishika pande zote, kwa ukingo mwembamba lakini wa kutosha. Fremu ilipandishwa ukutani siku iliyofuata, mvua ikiwa imekwisha nyesha na kulowesha sebule ya mkunga hadi kwenye makochi. Mwashi alishika pimamaji, Bi Nukta alishika upande wa kushoto na Ngongoti wa kulia.

"Upande wako uko chini, mama," alisema Ngongoti.

"Ni wako uliopanda."

"Pimamaji linasema ni wako."

"Pimamaji limeshikwa na mwashi."

Mwashi aliwaomba, kwa heshima zote, wakubaliane kwa sababu mikono yake inakufa ganzi. Bi Nukta alichungulia, akaguna, akainua upande wake.

Wakirudi nyumbani, karibu na kona ya mtaa wao, Bi Nukta alisema kwamba bado ana hasira, na kwamba huenda itachukua muda. Ngongoti alisema anaelewa. "Lakini kesho uje mapema," aliongeza Bi Nukta. "Kuna kabati la yule muuza dawa."

Mkono wake haukupona kabisa. Siku nyingine ulikuwa mzuri, akakata kutwa nzima na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Siku nyingine aliingia karakana, akaufungua na kuufumba, akasema, "Leo kata wewe," akaenda kutia nukta. Mkewe Ngongoti, upande wa pili wa ukuta, alianza kulalamika kwamba hawezi kushona mstari ulionyooka kwa jinsi wale wawili wanavyobishana.